Nilidanganya kwamba mwanangu ameshakatwa kilimi

Nifichieni jina, maana mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na minne, naishi Gihundwe na mume wangu na mama yake, nashona nguo soko la Kamembe. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitatu.

Tangu azaliwe, akinyonya tu maziwa yanarudi, mengine kupitia puani. Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi akampima, akasema uzito unapanda vizuri, nimnyonyeshe kidogo kidogo kisha nimshike wima, akikua itaisha. Mama mkwe hakutaka kusikia. "Maman, ile ni kilimi. Batoto yangu yote nilibakatisha." Kilimi ni kale kanyama kanakoning'inia kooni, na kuna mzee huko kwao Butare anayekakata kwa wembe. Jirani yetu alimpeleka wake. Damu haikusimama, tukazika. Mume wangu ananiuliza tu, "Mama amelea watoto saba, wewe umelea wangapi?"

Nikachoka, nikafanya ujinga. Jumamosi moja nilimbeba mtoto, nikashinda kwa rafiki yangu, nikarudi nikasema nimeshamkatisha mahali pengine. Mama mkwe alifurahi hata akanipikia uji. Wiki mbili nyumba ilikuwa na amani, nami nikajiona mjanja kweli.

Lakini mtoto hakuacha kutapika. Angeachaje? Alhamisi mama mkwe alimfungua mdomo, akachungulia. Kilimi kiko pale pale, kizima. Nikajua nimekamatwa. Kumbe hakugomba hata kidogo. Akasema polepole, "Ule muntu alikata mubaya. Kimerudi. Sasa batakata mpaka ku muzizi."

Tangu siku hiyo amekuwa mpole mno, na upole wake unanitisha kuliko kelele zake. Jana nimeona wembe mpya kwenye mkoba wake, pamoja na kofia ya mtoto. Nikisema ukweli, mume wangu atanirudisha kwetu kwa ule uongo wangu, na mtoto atabaki mikononi mwao. Nikinyamaza, kesho Jumatatu narudi kwenye cherehani, mtoto anabaki na bibi yake.

Ndugu zangu, niambieni la kufanya, na mniambie leo. Sasa hivi nilikuwa nakamua maziwa ya kumwachia kesho. Mama mkwe akanishika mkono, akacheka. "Wacha, Maman. Kesho hatanyonya."