Mpinzani Wangu wa Jumamosi

Kwa miaka sita nilijisomea jinsi Waprotestanti wa kwanza, wa Geneva na wa miji ya Wajerumani, walivyowaandaa wachungaji wao. Kijana alisoma Kigiriki na Kiebrania, kisha akasimama mbele ya walimu kutetea hoja huku mwenzake akizipinga.

Utaratibu huo niliuleta Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi nchini Uganda. Kila Jumamosi, tukitoka shambani, wanafunzi wa uchungaji walikutana kanisani kwetu. Mmoja alitetea, mwingine alipinga, nami niliziandika hoja katika daftari langu. Niliongeza kanuni moja yangu: mpinzani haketi kabla hajasema ni wapi mwenzake amemzidi.

Mpinzani mkali kuliko wote alikuwa mchungaji wetu, rafiki yangu tangu Kivu Kusini, kwetu Kongo. "Kaka, leo nitakuchoma mbele ya banafunzi bako," alinitania. Mwishoni alikiri aliposhindwa, akicheka.

Kanisa lilipotafuta mwalimu wa chuo chake cha Mbarara, yeye ndiye aliyepeleka jina langu. Nilikuwa nimemwambia yeye peke yake kwamba niliacha shule kabla ya kumaliza sekondari.

"Hiyo tuiache fasi yake," alisema. "Batakuuliza maarifa, habatakuuliza diplome."

Usaili ulifanyika Nyamityobora, mtaa wa mji huo wa Mbarara. Watahini walikuwa watatu, naye mmoja wao. Mwenyekiti, aliyewahi kuwa mchungaji katika kambi ya jeshi, alinisikiliza kwa saa nzima.

"Mzee, wewe najua mambo sana," alisema. "Mtu kama wewe ndiyo sisi nataka. Sasa karatasi iko wapi?"

Kabla sijajibu, rafiki yangu alisema, "Hana. Hata sekondari hakumaliza. Mimi namujua muzuri."

Sikushtuka. Nilidhani ameshika nafasi yake ya Jumamosi, na nikamtazama nikingoja sehemu ya pili, aseme nilipomzidi. Alifunika kalamu yake. Mwenyekiti akasema, "Pole, mzee," akaita mtu mwingine.

Baada ya wiki mbili nikasikia kwamba kazi amepewa rafiki yangu yule yule. Kisha mmoja wa wanafunzi wetu akaja nyumbani kwangu. "Mwalimu, pasteri anaomba ile daftari yako ya hoja. Anataka kufundishia."

Nikamjibu, "Mwambie aje mwenyewe Jumamosi. Kuna neno hajamaliza kusema."

Jumamosi tatu zimepita. Wanafunzi wanaendelea kupingana, na kila mpinzani, kabla ya kuketi, anataja alipozidiwa. Daftari ninalo mapajani. Kila mlango unapolia, mimi ndiye wa kwanza kugeuka.