Hapana ya Erastus Whipple

Shemeji yangu Erastus Whipple ndiye wakili wa kwanza kufungua ofisi Millbrook, hapa Wisconsin, enzi zile bado tunang'oa visiki katikati ya barabara. Mahakamani alikuwa hodari. Aliwahi kumtetea nguruwe aliyevunja ua, hadi mwenye ua akaomba radhi.

Mwaka 1857 watu wa Tamarack, maili tisa kutoka kwetu, wakataka mahakama ya wilaya ihamie kwao. Sisi tukamchagua Erastus aende bunge la jimbo kwa kazi moja tu: kuzuia. Asubuhi ya safari, dada yangu Lovina alikuwa akimfunga shali shingoni.

"Baba Huldah, neno lako kule ni moja. Hapana."

"Hapana."

"Rudia."

"Mke wangu, mimi ni wakili."

"Ndiyo maana nakwambia rudia!"

Siku ya muswada ilipofika, mbunge mmoja rafiki yetu akatoa hoja kwamba muswada wenyewe utupwe. Kwa hiyo aliyetaka mahakama ibaki Millbrook alipaswa kuitikia ndiyo. Erastus alikuwa ameshinda wiki nzima akijizoesha hapana. Karani alipoita jina lake, alisimama, akanyoosha koti, akanguruma: "Hapana!" Hoja ikaanguka kwa kura moja. Alasiri muswada ukapigiwa kura. Akasema hapana tena, na safari hii ilikuwa sawa, lakini wenzetu wawili walikwisha ondoka kuwahi treni. Muswada ukapita.

Aliporudi, wanaume walikuwa wamemngoja dukani, kando ya jiko. Jotham Beebe, mhunzi, ndiye aliyeanza.

"Mheshimiwa, Tamarack wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Nilikosea."

"Wakili mzima ashindwe kutofautisha ndiyo na hapana? Hata punda wangu anajua!"

Wakacheka, lakini si kicheko cha kumkaribisha mtu kwao. Tangu hapo kesi zikapungua. Jumapili Lovina alitembea hatua tano mbele yake kwenda kanisani.

Kabla theluji haijayeyuka, watu wanne wa Tamarack wakaja na paja la nguruwe la kukaushwa na pipa la sharubati ya tufaha.

"Tumekuja kumshukuru mtu aliyetanguliza haki kuliko mji wake."

"Jamani, nilikosea!"

"Mnasikia unyenyekevu huo?"

Uchaguzi uliofuata, Millbrook ilimpa kura kumi na moja, yangu ikiwemo. Tamarack, tuliopiga nao kura ya kiti kimoja, wakampa karibu zote. Akashinda. Akaja kibandani kwangu ninapotengeneza viatu, na kiatu chake nimekibandua soli nusu, akasema:

"Asahel, hapa nikisema kweli naitwa mwongo. Kule nikisema kweli hiyo hiyo naitwa mtakatifu. Sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni shemeji yangu. Lete mguu wa pili."

Hakucheka. Aliniuliza tena, polepole, kama huenda ningekuwa na jibu nimeliweka akiba.

Alirudi bungeni akiwa na nia ya kutulipa. Akahangaika majira mawili ya baridi hadi tukapata daraja juu ya mto wetu. Jotham akalipita na mkokoteni wake siku ya kwanza, akatangaza kwamba ni hila ya Tamarack ya kuturahisishia njia ya kwenda kushtakiwa kwao. Erastus alikuwa amesimama pale pale.

Aliyemwamini mwishowe ni Lovina. Kumbukumbu za bunge zilipofika zikiwa zimechapwa, aliusoma ukurasa wa siku ile mara tatu mezani, kidole kikifuata mistari.

"Hebu, wanauliza muswada utupwe au usitupwe?"

"Utupwe."

"Na anayetaka mahakama ibaki kwetu anasema..." Akavua miwani. "Hata mimi ningesema hapana," akasema, akamkatia mumewe kipande kikubwa cha pai.

Erastus alikaa bungeni vipindi vitatu. Alipokataa cha nne, Tamarack walidhani amechoka, Millbrook wakadhani ameshiba. Mimi aliniambia alikuwa amepakumbuka mahakamani, maana kule wakili asipoelewa alichoulizwa, anaruhusiwa kuuliza tena. Basi akafanya uwakili miaka kumi na miwili mingine, akipanda farasi maili tisa kwenda Tamarack kila kikao, hadi kichomi kilipomchukua mwezi Machi.