Nusu Kidonge cha Mjomba

Mjomba wangu alidondokea pale mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara, miaka ya tisini, msimu wa mavuno. Kudondoka siyo hasa. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, mkono kifuani, jasho linamtoka na sisi wote tuko kivulini. Alikuwa ameleta gunia kwa baiskeli. Mmoja akasema malaria hiyo. Mwingine: "Mpeni soda, gesi tu." Nikawafokea wote, nikampakia kwenye baiskeli yake mwenyewe hadi hospitali. Huyo ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Ukimchezea yeye, umenichezea mimi.

Daktari alimweleza kishamba-shamba. "Mzee, moyo nao una mfereji wake. Wako uliziba, jaruba moja la mpunga likakosa maji, likakauka. Hilo basi tena. Sasa tunalinda yaliyobaki."

Masharti: asibebe mizigo, asilime, aache tumbaku, na kila siku akishakula ameze nusu kidonge cha asprini, aumwe asiumwe. Mimi shule niliishia la saba, lakini nilitafuta kitabu cha afya, hata jalada hakina, nikasoma mpaka nikajua damu inaingilia wapi na inatokea wapi. Nikawa nawaeleza watu hadi wananikimbia.

Ikaja palizi. Majirani wakaja kumsaidia. Kwetu watu wakija kukulimia unawapikia, unawatunza. Mtu akiondoka ananung'unika, aibu ni yako. Nafika mchana, nakuta kopo la dawa tupu. Migongo iliwauma, mjomba kawagawia asprini zote kama pipi.

"Mjomba, na wewe umemeza nini?"

"Mimi siumwi," akasema. "Wiki ya pili hii siumwi. Niwanyime wenzangu wanaoumwa?"

"Hiyo yako siyo ya maumivu! Inazuia damu isigande!"

Halafu nikawageukia wageni. Niliyoyasema siyarudii. Mama mmoja aliyewahi kunibeba mgongoni akaweka jembe chini. "Haya mwanangu, tutapike?"

Wakacheka. Mjomba hakucheka. Alisubiri waondoke, akaniambia polepole, "Umewatukana watu waliokuja kunilimia. Kesho nani atakuja? Si nitashika jembe mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mimi, mlinzi wa moyo wake, nimemrudishia jembe mkononi.

Kweli kesho yake hakuja mtu. Nilitafuta asprini nyingine, nikazunguka nyumba kwa nyumba, shikamoo, naomba mnisamehe. Walinijibu marahaba, basi. Nikapalilia peke yangu. Siku ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Majani niliyoyang'oa huku yanaota kule. Nikinyoosha tu mgongo, namwona mjomba kwenye tuta analiangalia jembe la pili, lake mwenyewe, limelala hapo pembeni, nainama tena. Hata hasira sikuwa nayo, iliisha kwenye tope.

Kila asubuhi, uji ukiisha, nilikata kidonge kwa wembe, nikamsimamia. Alimeza, akatoa ulimi nikague.

"Umeridhika, daktari?"

"Nimeridhika."

Siku moja akaniangalia ninavyoinuka, nimeshika kiuno kama kikongwe. "Mgongo unauma, mwanangu?"

"Unauma."

"Si uchukue hiyo nusu iliyobaki."

Nikaikunja kwenye karatasi, nikairudisha koponi. Ilikuwa ya kesho yake. Nikachukua jembe, na lile la pili pia, nikatoka nayo yote mawili.