Bata Mzinga Mwezi wa Ramadhani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kapu la vitunguu nimenye, nikalia mpaka msimamizi wa nyumba akadhani nimefiwa. Ilikuwa nyumba ya wageni pale Shangani, jiko lake liko juu kabisa, na ngazi zake ukizipanda na ndoo ya maji unasahau hata jina lako.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona unalia asubuhi yote hii?"

"Vitunguu, Bi."

"Basi lia huku unakata. Wageni wanataka chai yao."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza. Nyinyi vijana mnaosomea upishi vyuoni mna bahati, mnaingia jikoni na cheti na kofia nyeupe. Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mtu alianza kuwa stuadi, yaani muosha masufuria. Akionekana hana uvivu alipelekwa meza ya mboga, kumenya na kukata. Kutoka hapo, meza ya baridi, ya saladi na matunda. Moto ulikuja mwisho, na moto ulikuwa wa wanaume. Majumbani kwetu mwanamke ndiye anayepika kila siku ya Mungu, lakini jiko likishakuwa la mshahara, anaambiwa ni zito kwake. Nimestaafu na hilo bado sijalielewa.

Kutoka Shangani nilihamia hoteli moja ya Mbweni. Wakati huo nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili, na sote tulikuwa tunakaa kwa mama yangu Kikwajuni. Mama alikuwa akishona kofia, macho yake yameanza kuchoka. Kazi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Nilichukuliwa kwa majaribio, meza ya mboga, na Meneja hakunificha kitu.

"Majaribio yako yakisha nitatazama kama tunakuhitaji," alinambia. "Lakini usitazamie kwenda motoni. Huko nnao watu."

Mpishi Mkuu wetu alikuwa mtu wa Tumbatu, mrefu, aliyepika melini miaka mingi kabla ya kurudi nchi kavu. Alikuwa na maneno machache, na mengi katika hayo yalikuwa "Ongeza moto" na "Punguza moto". Sisi tulimwita Mzee. Hakupata kunitukana wala kunisifu, na mimi nilikuwa sijui kama ananiona.

Majaribio yangu yalikuwa yanakaribia mwisho tulipopata kundi la wanafunzi wa Kimarekani waliokuja mjini kujifunza Kiswahili, pamoja na mwalimu wao. Wamarekani wana siku yao ya shukrani, Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba. Jamaa hukusanyika, wakala chakula maalumu, kila mtu akataja neema aliyoipata. Miaka ile Ramadhani ilikuwa inaangukia Novemba, na siku yao ikaingia katikati ya mfungo wetu. Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa jiko.

"Hodi hapa," alisema. "Watoto hawa wako mbali na mama zao. Nnataka wale chakula cha kwao siku moja tu."

"Karibu," Mzee akamjibu. "Tueleze, mwanangu."

Akatueleza, na mimi huku nakata karoti nilikuwa namsikiliza kuliko wote. Alitaka bata mzinga mzima, alowekwe kwenye maji ya chumvi tangu jana yake ili nyama isikauke, kisha aokwe taratibu. Tumboni ajazwe mkate uliovunjwavunjwa, ukachanganywa na vitunguu na majani. Pembeni kuwe na viazi vya kuponda, viazi vitamu vya sukari, na mchuzi mzito unaotengenezwa kwa yale maji yanayomtoka bata akiwa ndani ya oveni. Kuna na sosi ya matunda mekundu machachu ambayo kwetu hayapo. Mwisho ni pai ya boga, iwe na utamu, alisema, lakini isiwe halua.

Vitu vyote tulivipata au tulivitafutia mwenzake. Bata mzinga alitoka kwa mfugaji wa Fuoni, na Mzee alimchinja kwa mkono wake. Mkate tulitumia boflo la jana. Kwa sosi ile nyekundu, mimi ndiye niliyesema kwa sauti ndogo tuchemshe choya, yale maua mekundu machachu ya sharubati, na sukari mpaka ishike kijiko. Mzee aliniangalia kidogo, akasema, "Fanya." Nilifurahi mno, ila nikajikaza nisioneshe meno.

Shida ilikuwa moja, na kila mpishi wa Kiislamu aliyefanya kazi hotelini anaijua. Ramadhani unapika mchana kutwa na huonji. Kwa pilau na samaki wa nazi si neno, mkono unajua chumvi yake, na harufu inakwambia bizari imeiva. Wapo wanaosema mpishi mwenye haja anaweza kugusisha ncha ya ulimi akatema. Mzee alikuwa hataki kuingia katika hayo. Lakini chakula hiki hatujapata kukila hata mmoja wetu. Mkono utajuaje chumvi ya kitu usichokijua?

Meneja naye alikuja kutukumbusha. Mwalimu yule alikuwa akileta wanafunzi kila mwaka, na hoteli za pwani zilikuwa zinamtaka. "Chakula hiki kikiharibika tutawakosa hawa," alisema, "na jiko hili litapunguza watu." Alipomaliza alinitazama mimi. Hakukuwa na haja ya kutaja jina.

Mzee akamwita mhudumu wetu Petro, mwenzetu Mkristo, kijana mpole mwenye adabu zake zote. Alipewa kijiko aonje. Akaonja viazi vya sukari, akasema vitamu. Akaonja boga, akasema tamu. Akaonja mchuzi wa bata, akasema mtamu sana, Mzee, Mungu akubariki. Wenzangu wakapumua. Ila mimi kutoka mezani kwangu nilimwona Petro akipita nyuma ya mlango, akafungua bomba, akanywa gilasi ya maji mpaka chini, kisha akajaza nyengine. Masikini, adabu zake zilikuwa zinatuua.

Hapo nikaelewa. Bata alikwishalala kwenye chumvi usiku mzima, na chumvi ile imeshuka kwenye maji yake. Mzee, kwa mazoea ya mkono, aliutia mchuzi chumvi kama mchuzi wowote. Lakini kuelewa si kuonja. Kama nimekosea, tungeharibu mchuzi uliokuwa mzuri.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wanawake watalifahamu mara moja. Siku ile mimi nilikuwa sifungi. Nilikuwa kwenye siku zangu, na mwanamke aliye kwenye hedhi hafungi, hulipa baadaye. Lakini kwetu haya ni mambo ya kustirika. Mwanamke atakaa na njaa yake kutwa mbele za watu, atakunywa maji kwa kujificha chooni, ili asijulikane. Na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika jiko la wanaume. Kusema naweza kuonja ni kutangaza mwili wangu mbele ya kaumu ya watu ambao kesho nitawapa shikamoo. Kunyamaza ni kuliacha bakuli la chumvi liende mezani, na mimi kurudi kwa mama yangu mikono mitupu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaweka kisu, nikaenda kusimama karibu na Mzee.

"Mzee," nikamwambia kwa chini, "mie nnaweza kuonja."

Hakugeuka mara moja. Aliendelea kukoroga mara mbili tatu. Nilikuwa nangoja aseme "Kwani wewe hukufunga?" na nilijua akisema hivyo sitarudi tena pale.

"Haya, nyote," alisema kwa sauti ya juu, "nendeni nje mkapange meza na viti bustanini. Wote. Na wewe uliyeko kwenye oveni, nenda. Nikikutakeni nitakuiteni."

Wakatoka huku wananung'unika, maana kupanga viti si kazi ya wapishi. Mzee akaniwekea upawa safi ukingoni mwa sufuria, akenda dirishani, akanipa mgongo, akawa anaangalia nje kana kwamba kuna kitu cha kuangalia.

Nikaonja. Ilikuwa kama kunywa bahari. Nikamwambia mchuzi umezidi chumvi, na yeye bila kugeuka akauliza, "Tufanyeje?" Hilo neno "tufanyeje" nimelihifadhi mpaka leo. Nilisema tumwage nusu, tutie supu ya shingo na mifupa isiyo chumvi, na viazi vya kuponda viachwe bila chumvi kabisa, vimsaidie mwenzake. "Fanya," akasema. Nikaonja na pai. Mzee alikuwa ameitia hiliki kwa ukarimu wa nyumbani, ikanuka harusi. Nikatengeneza nyengine, mdalasini na kungumanga tu, na kwenye sukari nikazuia mkono nikikumbuka alivyosema Mwalimu kuhusu halua. Muda wote ule Mzee alikuwa dirishani.

Adhana ya Magharibi ilipolia wapishi walikuwa wamesharudi. Tulikaa uwani kama kawaida, na Mzee akagawa tende. Alimpa kila mtu, na mimi alinipa vilevile, tena akaniambia kwa kusikika na wote, "Haya, mwanangu, pole na saumu." Nikaipokea, nikasema Bismillahi. Nilikuwa karibu ya kulia, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Chakula kilikwenda. Sitajisifu, nitasema tu kwamba vyombo vilirudi vyeupe, na mtoto mmoja wa kiume wa Kimarekani alilia kwenye sahani yake ya pai, akasema ni kama ya bibi yake. Walipokuwa wanataja neema zao, mmoja baada ya mwengine, Mwalimu akaomba mpishi aje. Mzee akanishika mkono wa baibui akanitoa nje pamoja naye. Meneja alikuwa amesimama pale pale.

"Na wewe, Mzee," Mwalimu akauliza, "mwaka huu unashukuru nini?"

"Nnamshukuru Mungu," Mzee akasema, "jiko langu limepata mpishi. Mchuzi mliokula ni mkono wa huyu bibi."

Wakapiga makofi. Meneja naye akapiga, angefanya nini tena. Wiki iliyofuata nilihamishiwa motoni, na mama yangu alipopata habari aliweka sindano chini akasali rakaa mbili.

Nimefanya kazi chini ya Mzee mpaka alipostaafu. Baadaye nilikwenda Bwejuu, hoteli ya ufukweni, na huko nikawa mpishi mkuu mwenyewe. Chakula kile cha shukrani nimekipika karibu kila Novemba, na nakipenda kuliko vyote vya kigeni. Atakaye kukipika nampa siri zangu bure: boga lichomwe, lisichemshwe, maana litajaa maji. Kungumanga ikunwe saa ileile. Choya ichujwe kwa kitambaa. Na mchuzi wa bata usitiwe chumvi mpaka uonjwe.

Sasa nimekaa nyumbani, watoto wamesoma, miguu inauma kwa kusimama miaka yote ile, na sina cha kulalamika. Watu huniuliza Mzee alinifundisha nini, wakidhani nitawatajia kuoka au kukaanga. Kwa lile alilonifanyia sikuwahi kumwambia ahsante, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kulitaja, na yeye alitaka lisitajwe. Alikwenda kwa Mola wake hivyo hivyo, tukiwa hatujalizungumza hata siku moja.

Jiko la Bwejuu lilikuwa na wasichana wengi. Mimi umri ulikuwa umeshanipita, nikawa nafunga Ramadhani yote bila ya kukatisha. Kila alasiri ya mwezi ule, chakula kikikaribia kuiva, niliwatafutia wanaume kazi ya nje, viti, kuni, lolote, na wao wakinung'unika kuwa mama huyu ana visirani. Wakishatoka nilikwenda dirishani nikawapa wasichana mgongo. Baada ya kitambo ilinijia sauti nyuma yangu, leo ya huyu, kesho ya yule, "Mama, mchuzi unataka ndimu kidogo." Nilikuwa nikijibu, "Tia," wala sikugeuka kutazama ni nani.