Dume Mwenye Mkia Mfupi

Oliver Ngeleja hana virusi vya UKIMWI. Hakuambukizwa na bwana mkubwa yeyote wa Dar es Salaam, hakuuza damu yake kwa wazungu, wala hakuacha kazi ili aje kufia kwa mama yake Msowero. Alikuja kuolewa. Waliosema vinginevyo, kuanzia stesheni ya Kimamba mpaka kwenye vibanda vya nyama choma Mikumi, walichokiona ni binti akiingia mlango fulani. Mengine waliyajaza wenyewe, kama anavyofanya mkulima mjanja anayejazia gunia kwa makapi.

Mama yake, Kashindye, mjane wa Mwalimu Ngeleja, habari zilimfikia mwisho. Ndivyo umbea ulivyo, mwenye nyumba huachiwa makombo. Alikuwa amefundisha sekondari mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumkuta barazani kwa mtu akisikiliza habari za mtu wa tatu. Asubuhi moja muuza vitumbua alimwongezea kimoja bure, akamtazama kwa huruma. Huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

Mambo yalianza zamani. Oliver alikua nyuma ya ng'ombe ambao baba yake aliwaswaga kutoka Shinyanga, na tangu mdogo alikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini ndama huyu kafa na pacha wake kapona. Alipofika chuo kikuu Dar es Salaam alisikia kwamba wanatafutwa vijana wazima wa kujaribiwa chanjo ya UKIMWI. Akapiga simu nyumbani kuomba ruhusa. Kashindye alikataa papo hapo. Mwalimu Ngeleja alicheka, akasema kila mwaka anawapanga ng'ombe wake mstari wachanjwe. Akimkatazia binti yake mwenye akili, ng'ombe watamwonaje?

Oliver akachanjwa. Ndani ya chanjo ile hamkuwa na kirusi. Mlikuwa na vipande vichache vilivyotengenezwa maabara, vya kuufundisha mwili sura ya adui. Mwili wake ulifundishika vizuri, lakini chanjo yenyewe haikuwakinga watu vya kutosha, utafiti ukafungwa. Wenzake walisahau. Yeye alikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyomsomesha. Leo anafanya kazi maabara, anatenga chembe nyeupe kutoka kwenye damu ya watu waliojitolea, anazionesha kipande cha kirusi na kuangalia zipi zinaamka, zipi zinaua, zipi zinakumbuka.

Mama yake alipomtaka aeleze kwa lugha ya watu, Oliver alisema chanjo ile ya kwanza ilileta mbwa wengi wa kubweka na wachache wa kuuma. Yeye anawatafuta wa kuuma.

"Na hao wa kubweka waliondoka?" mama aliuliza.

"Wengine wamo mpaka leo, mama. Ndiyo maana nikipimwa kwa kipimo cha haraka kitasema ninao. Kipimo kile hakimwoni mwizi, kinasikia mbwa tu."

Kashindye aliyaelewa hayo miaka mingi kabla ya uchumba. Bonifas naye, kijana wa Kimamba anayetengeneza malori Mikumi, aliambiwa siku ya kwanza alipotamka neno ndoa. Hakuna aliyefichwa.

Kanisa lao huwataka wachumba wapime kabla ya ndoa kutangazwa. Wakaenda zahanati. Oliver alimtahadharisha muuguzi mapema, na muuguzi akafuata utaratibu. Kipimo kilitoa mistari miwili, kama Oliver alivyosema, akaelekezwa chumba cha pili atolewe damu ikatafutwe kirusi chenyewe. Chumba hicho ndiko wanakochukulia dawa wanaoishi na virusi. Mlango wake ni wa bluu, na unatazamana na benchi la kliniki ya wajawazito. Benchini siku hiyo alikuwepo Grace, shangazi yake Bonifas, amemsindikiza binti yake. Kabla pamba haijakauka mkononi mwa Oliver, Kimamba nzima ilishajua kwamba msomi wa Msowero ameungua.

Jumapili wakaja kwa Kashindye: Grace, Bonifas, na Mzee Onesphory, baba mdogo aliyemlea Bonifas. Oliver alipiga goti akawaamkia. Mzee aliitikia kwa sauti ya msibani. Grace alinyamaza.

"Mkwe," alisema Kashindye, "mwanangu amekuamkia."

"Marahaba," alisema Grace, kama anatema kokwa.

Mzee Onesphory alizunguka sana na habari za mvua na malisho, kisha akafika. Hawakuja kwa ugomvi. Walisikia kuna majibu ya pili yaliyorudi, basi yasomwe pale mbele ya wote, neno liishe. Pasipo hayo hawezi kusimama kanisani na mdomo wa ukoo wake ukiwa wazi.

Oliver hakukasirika. Alimuuliza kama yule dume wake mwenye mkia mfupi bado yupo.

"Yupo. Kafanya nini?"

"Mkia ulipatwa na nini, baba?"

"Unajua mwenyewe. Chanjo ya homa ya mapafu. Walimchoma nchani, ukavimba, ukadondoka."

"Na yule mnunuzi wa Morogoro aliyemkataa mnadani akisema ni mgonjwa, ulimwambiaje?"

Mzee alikohoa. Bonifas ndiye aliyejibu, ameinama kuficha meno: "Alimwambia hajui ng'ombe, akanunue kuku."

"Basi dume mwenye mkia mfupi ni mimi," alisema Oliver. "Nilichanjwa, alama ikabaki. Kipimo kimeona alama."

"Ng'ombe haolewi, mwanangu," alisema Grace. "Karatasi."

"Ng'ombe ndio wanaooa, shangazi. Bila wao ungekuwa bado kwenu."

Hata Mzee alicheka. Lakini hakuacha. Alisema yeye ameelewa, tatizo ni watu. Apewe tu karatasi, atawaziba midomo mwenyewe. Ombi lilitolewa kwa upole, na upole ule ulimlainisha Oliver. Akavuta mkoba wake.

"Acha," alisema mama yake.

Oliver akamtazama. "Mama, niwaoneshe tu yaishe."

"Hayataisha. Ukiwasomea leo, kila binti atakayepita mlango ule wa bluu atadaiwa karatasi. Na yule ambaye karatasi haitamsafisha, naye ana mama. Ugonjwa si aibu kwenye nyumba hii. Aibu ni kupekuliwa." Kisha akamgeukia Mzee. "Yule dume wako, baba, ulimtafutia cheti cha daktari umwoneshe mnunuzi?"

"Nimwoneshe kwa nini?" alisema Mzee, bado na uchungu wa siku ile. "Dume ni wangu. Neno langu lilitosha."

"Oliver ni wangu."

Oliver aliusukuma mkoba chini ya kiti. Alisema kila anayempa damu huahidiwa kwamba majibu yake hayatakuwa habari ya watu. Hawezi kuwaahidi wengine kitu ambacho yeye mwenyewe amekiuza. Bonifas akasema karatasi ameisoma, na anayeoa ni yeye.

Mzee Onesphory alichukua fimbo yake, akatazama zizi kwa muda, akasema ndoa iko palepale. Grace aliondoka bila kuaga, lakini siku ya harusi alikuja amevaa kitenge cha sare na akala vizuri.

Oliver amerudi kwenye maabara yake kutafuta mbwa wa kuuma. Chanjo bado haijapatikana, naye hajachoka. Watu nao hawajachoka. Juzi mnadani mwanamke mmoja alimsogelea Kashindye, akamshika mkono kama rafiki, akataka kujua, baina yao wawili tu, ile karatasi hasa iliandikwaje.

Kashindye aliutoa mkono wake.

"Mwanangu ni mzima, nimeshasema. Mengine hamtayapata kwangu."