Foleni Ambayo Kila Mtu Alikuwa Namba Moja

Nikikuona umeinamia kompyuta, mwanangu, asubuhi ile ya mtaani Makina hunirudia kama ndoto. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati, na mbele ya bomba la maji mitungi ilikuwa imepanga foleni kwa niaba ya wenyewe, kama watu wanaosinzia wima.

Nikaja mimi kuiamsha, kijana wa chuo kikuu kutoka mtaa wa Kawangware 46. Nilikuwa nimeandika programu kwa lugha ya Java: ukibonyeza, kimashine kinakutolea karatasi yenye namba yako. "Toeni mitungi," nikatangaza kama waziri anayekata utepe. "Namba ndiyo itawashikia nafasi."

Mama Nekesa, aliyefika kabla ya wote, akachukua karatasi yake akaenda nyumbani kunyonyesha. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba maji hukatika kabla foleni haijaisha.

Aliporudi alikuta kelele.

"Mimi ni namba moja!"

"Hata mimi!"

"Leo sisi wote ni first born," akacheka Mzee Otieno, fundi viatu.

Wewe umeshaona kosa. Kigeu cha kuhesabu, kile kisanduku cha kuwekea namba, nilikitangaza ndani ya method, kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Kila mtu alipobonyeza, kilizaliwa upya kikiwa sifuri, kikaongezwa moja, kikafa method ilipoisha. Nikakumbuka somo la lugha ya C, ambako neno static hukiacha kigeu cha ndani kikiendelea kuishi. Nikaliandika palepale, jasho likinitoka. Java ikakataa, kitu hicho haina. Nikailaumu Java, maana ilikuwa karibu.

"Wee kijana," akasema Mama Nekesa, "mtungi wangu ulikuwa unanikumbuka. Hii mashine yako hainijui. Sasa ulitutolea mitungi ya nini?"

Nikakipandisha kigeu hadi kwenye class, nyumba inayozibeba method zote, kikawa static, namba zikaanza kupanda vizuri. Bomba nalo likaanza kukohoa hewa.

Mzee Otieno, aliyekuwa amewahi kuchota katikati ya zile kelele, alimmiminia Mama Nekesa nusu ya maji yake. Niliubeba mtungi wa mama huyo hadi mlangoni pake, maji yakicheza ndani njia nzima.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla ya kukipa kigeu jina, jiulize kinazaliwa wapi, nani atakiona, kitakufa lini. Cha kazi ya mara moja kiache ndani ya method, kife kwa amani. Kinachopaswa kukumbuka kikae kwenye class, na ukifiche kwa private, kila mpita njia asikiguse. Na mitungi ya watu usiiondoe kabla hujajua ilikuwa inashika nini.

Mungu akupe programu zinazokumbuka watu, na bomba lisikauke zamu yako ikifika.