Muuguzi asiyetaka kusikia ‘sijambo’

Fundi ujenzi amejikunyata chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Asubuhi ameingia wodi hii ya utafiti kwa miguu yake, mzima, tena akiwatania wauguzi. Sasa, saa moja baada ya sindano, anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Daktari kijana anachungulia mlangoni. “Hujambo, kaka?”

“Sijambo, daktari,” anajibu fundi, midomo ikimcheza.

Muuguzi aliyekaa kando yake anaangua kicheko. “Umeona? Ukiandika kwamba hajambo, umeshatuharibia utafiti.” Kisha anamwinamia fundi. “Shemeji, baridi imefika wapi?”

“Kwenye mifupa, dada. Na kichwa kinapasuka.”

“Haya, hayo ndiyo maneno!”

Waliopita hapa wanamwita Mama Baridi. Kazi yake ni kuwaangalia watu wenye afya njema waliokubali, kwa hiari yao, kudungwa kiasi kidogo cha sumu iliyotolewa kwenye ganda la bakteria. Bakteria wenyewe hawamo. Lakini mwili haujui hilo. Unapandisha homa kama uliovamiwa, na baada ya saa chache unatulia.

Damu wanayochukuliwa huwaonyesha watafiti jinsi mwili unavyoanza vita hivyo, na dawa gani inaweza kuuzuia usipigane hadi ukajiua wenyewe. Mtu asiposema anavyojisikia, damu yake inabaki nusu ya habari. Tena anaweza kuzidiwa huku anatabasamu.

Kwa hiyo adui wa Mama Baridi si homa, ni adabu. “Mtu yuko hoi, ukimwamkia anakwambia nzuri tu, tunamshukuru Mungu,” anasema. “Salamu ni salamu, jamani. Mimi natafuta jibu.”

Ana sababu ya kuwa mkali. Mama yake alijikata kidole akimenya viazi, kikavimba, homa ikapanda. Akaenda zahanati. Mapokezi wakamwuliza, “Hujambo, mama?” Akajibu kama alivyofunzwa tangu utotoni, akaambiwa akae mwisho wa foleni. Alipofikiwa, maambukizi yalikuwa yameshaenea kwenye damu. Hakurudi nyumbani.

“Aliuawa na heshima yake,” anasema Mama Baridi, na kwa mara ya kwanza leo hacheki.

Alasiri fundi ametupa blanketi. “Dada, chakula hapa huwa kinaletwa saa ngapi?”

“Huyo amepona,” anasema Mama Baridi, akimpima joto hata hivyo.

Mwezi ujao ataanza kuwafundisha watu wa mapokezi katika zahanati ileile kuuliza vizuri. Amelipigania hilo miaka mingi na hana shaka litafaulu. Nyumbani ameshaanza na binti yake.

“Nimemwambia, siku nikiugua asiniulize hujambo. Nitamjibu sijambo. Mimi ni mtoto wa mama yangu.”